Mgawaji Huchagua Mwisho

Siku ndugu zangu walipokuja kudai shamba ligawanywe, nilikuwa na mabuti ya mpira miguuni na tope limenifika magotini, na hakuna hata mmoja aliyenipa pole ya kazi. Kaka, mkubwa wetu, alifika kwanza na pikapu ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Mdogo wangu wa kike akafuata, tepu ya ushonaji bado inaning'inia shingoni. Huyo tangu utoto tunamwita Sindano, na cherehani haihusiki. Kitindamimba wetu, dereva wa malori, alikuja wa mwisho na akaegesha mbali ili gari lake lisisogeleane na la Kaka. Waliingia sebuleni, kila mmoja akachagua ukuta wake. Katikati, kwenye kiti chenye mto, alikaa shangazi yetu, dada wa marehemu baba. Tulimwita awe shahidi kwa sababu ndiye pekee ambaye wote watatu walikuwa bado wanamsalimu.

Wenyewe kwa wenyewe walikuwa hawasemeshani. Kaka na Sindano walikosana baada ya mazishi ya mama kwa sababu ya cherehani ya marehemu: Kaka aliibeba akampelekea mkewe, ambaye hata kutunga uzi hajui. Kaka na Kitinda walikosana kwa ajili ya mzigo wa saruji uliolowa njiani. Mmoja anasema turubai halikufungwa, mwingine anasema turubai hakupewa. Kitinda na Sindano walikosana siku Kitinda alipomwambia shemeji yetu, mume wa Sindano, mbele ya wageni, kwamba anakula jasho la mkewe. Ilikuwa kweli tupu, ndiyo maana haikusameheka. Mtu akitaka kumfikishia mwenzake neno, alinipigia simu mimi. Sikuwachochea. Sikuwapatanisha pia. Nilikuwa na shamba la kulima.

Na shamba lenyewe nililijua. Linaanzia juu kwenye mawe, linashuka taratibu, linaishia chini kwenye kijito, ambako udongo ni mweusi na ukiukamata unashikana mkononi. Upande mmoja kuna barabara, na ng'ambo ya barabara ni mashamba makubwa ya tajiri mmoja tunayemwita Mwenye Kinu, kwa sababu mahindi yote ya pande hizi yanasagwa kwake. Upande wa pili kuna korongo. Baba alichimba matuta ya kukinga maji, yanakata mteremko kutoka barabarani hadi korongoni, na trekta la kukodi lilikuwa likifuata matuta hayo kwa mstari mmoja mrefu, linageuka mwisho, linarudi. Pampu moja, mlinzi mmoja wa ndege, mbolea inaagizwa mara moja. Mahindi mwaka huu hapa, mwakani maharage, alizeti kule juu kwenye mawe. Shamba zima lina akili yake. Ukilikata, unaikata na akili.

Baada ya wazazi kuondoka nilibaki mimi, kwa sababu nilikuwa nimeachana na mume na kwa sababu kulima nilikujua. Kila mavuno niliwapelekea ndugu zangu magunia yao. Kila mavuno waliyapokea huku wakichungulia nyuma ya gari kuona kama mazuri nimeyaficha.

"Meneja," Kaka akaanza. Ndilo jina walilonipa, na si la heshima. "Tumechoka kuletewa magunia kama watu wa msaada. Kila mtu apewe chake."

"Chako unacho. Kimo ndani ya shamba."

"Ndani wapi? Mimi naona shamba la Meneja tu."

Sindano aliuambia ukuta: "Jamani, mwambieni huyo anayesema kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, katoa la maana."

"Na mimi nataka changu," Kitinda akadakia, akitazama dari ili asimtazame mtu. "Nikijisikia kulala chini ya mti wangu, nilale."

"Hakuna mti kule," nikamwambia.

"Basi nitapanda."

Hapo alinigusa kwenye kidonda bila kujua. Tangu baba afariki nimetamani kupanda miparachichi kwenye ule mteremko wa kati. Lakini nani anapanda mti wa matunda kwenye ardhi ya watu wanne? Mti unataka miaka ndipo uzae, na watu wanne hawangoji hata chai ipoe. Kisima kirefu nacho sikukichimba kwa sababu hiyo hiyo. Nilipanda vitu vya msimu mmoja, nivune kabla mtu hajaamka vibaya akabadilisha mawazo. Hiyo ndiyo hasara ya mali ya wengi, na walioileta ni wao, halafu wakanilaumu kwamba shamba haliendelei.

Nikawapa rai. Nikasema shamba libaki zima, wanikodishe sehemu zao kwa mkataba wa muda mrefu, au waniuzie mimi polepole. Kaka alicheka kile kicheko chake cha dukani, cha kumwambia mteja kwamba bei haishuki.

"Wewe unalima eneo kubwa kizembe," akasema. "Mtu mwenye kipande kidogo chake anakitunza. Anang'oa mpaka jani la mwisho. Hiyo ndiyo faida."

"Mtu gani huyo? Wewe? Mara ya mwisho kushika jembe ulikuwa unaliuza!"

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Hata Sindano midomo ilimcheza, ila akakumbuka kwamba ni Kaka anayechekwa na pia kwamba ni mimi niliyechekesha, na wote wawili hatupendi, basi akanuna tena. Lakini lazima niseme, Kaka hakukosea kabisa. Nimeona bustani ndogo ya mtu aliyeishika mwenyewe ikizaa kuliko shamba la vibarua wanaongoja jua lizame. Ila bustani hiyo ina mtu ndani yake. Hawa wangekuwa na kipande, mtu hayupo.

Tulizozana mpaka sauti zikakauka. Mwishowe Shangazi akagonga meza kwa kikombe. "Nyumba hii ina sheria yake," akasema. "Mama yenu aliwafundisha. Mgawaji huchagua mwisho."

Hilo lilikuwa kweli. Mama alikuwa hagawi nyama yeye. Alimpa kisu mmoja wetu, akamwambia akate, halafu wengine wote wachague kabla yake. Ukikata kwa ujanja, ujanja unaliwa na mwenzako. Tulijifunza kukata vipande vilivyolingana kuliko vya buchani.

"Basi Meneja akate," Kaka akasema haraka. "Si ndiye anayejua kila jiwe lilipo? Akate, sisi tuchague."

Wenzake wakaitikia, kila mmoja kwa ukuta wake. Walifikiri wamenifunga mikono. Nami nikajitia mnyonge, nikasema haya, kama ndivyo mnavyotaka. Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kuona njia, na njia yenyewe ilinipendeza hata nikawakaribisha chai.

Kulikuwa na namna ya kugawa ambayo ingempa kila mtu shamba la kweli. Ningeweza kukata kwa kimo: atakayekwenda juu kwenye mawe apewe eneo kubwa, wa katikati apewe la kiasi, wa chini kwenye udongo mweusi apewe dogo. Kila kipande kingekuwa na umbo la shamba, trekta linaingia na linageuka. Lakini kipande cha namna hiyo kinalimika, na kinacholimika kinauzika. Kaka angekiuza kabla wino haujakauka. Mimi sikutaka shamba la baba liende kwa wageni vipande vipande. Nililitaka zima, mkononi mwangu, kwa namna yoyote. Walitaka usawa? Nitawapa usawa mpaka uwatokee puani.

Nikachukua kamba na vigingi, nikakata shamba kwa urefu. Mikanda minne, kutoka mawe ya juu mpaka kijitoni, yote sawa, kila mmoja mwembamba kama njia ya kwenda chooni. Kila mkanda una mawe yake, mteremko wake, na kidomo chake cha udongo mweusi chini. Hakuna anayeweza kusema kapunjwa. Na hakuna anayeweza kulima. Trekta likiingia kwa upana wa mkanda halina pa kugeukia. Likienda kwa urefu linapanda na kushuka kilima, na mvua ya kwanza itafuata mifereji ya plau na kuubeba udongo wote mpaka kijitoni. Nilitaka waone wenyewe kwamba mkanda mmoja peke yake hauna thamani, warudi kwangu wamenywea, nami niikodi yao mitatu, nilime yote minne kama zamani. Kuuza kwa pamoja nilijua hawawezi. Kuuza kwa pamoja kunataka watu wasemezane.

Siku ya kuonyesha walikuja na wakateremka nami kutoka juu hadi chini, wametengana mbalimbali kama wasiojuana. Walifurahi! Hilo ndilo lililonichekesha zaidi. Kaka alipiga teke kigingi kuona kama kimekaza, akasema, "Hapa umetenda haki." Sindano aliivua ile tepu shingoni, akainama akapima upana wa kila mkanda, tangu wa kwanza hadi wa nne, sketi imejaa mbigili, asikubali hata kidogo kuniamini. Alipoona imelingana aliondoka bila kusema ahsante. Kitinda alisimama kijitoni akachovya mkono kwenye maji yake.

"Sasa mimi ni bepari," akasema.

Uchaguzi ulikwenda kwa kuzaliwa. Kaka alichukua mkanda wa barabarani, kama nilivyojua. Sindano hakutaka kupakana na Kaka, akaruka mmoja akachukua wa tatu. Hapo moyo wangu ulinidunda kwa raha, maana ilibaki wa pili, kati ya mahasimu wawili, na wa nne, ukingoni mwa korongo. Nilijua Kitinda hatakubali kulala kati ya Kaka na Sindano. Angekwenda korongoni, mimi nikabaki na wa pili, nikawa ukuta katikati yao.

"Nachukua wa pili," Kitinda akasema.

"Kati ya hao?" nikamuuliza.

"Korongoni siwezi, nina usingizi mzito. Nitaanguka."

Mimi nikapata korongo. Nikajifariji kwamba si kitu. Watatu wasiosemeshana wana kuta za kutosha kati yao. Ukuta wangu haukuhitajika.

Msimu ule ulienda kama nilivyoupanga. Kitinda alimleta dereva wa trekta. Yule bwana alisimama juu ya mkanda, akautazama mpaka chini, akasema, "Nikiingia hapa nitatoka kwa rivasi," akawasha akaondoka zake. Sindano alinipigia simu akitaka nimkodi mkanda wake. Nilimtajia bei ya mtu anayekufanyia hisani, naye akanikatia simu, kisha akapiga tena, kisha akakata tena. Kaka alimleta msimamizi wa Mwenye Kinu, kijana wa shati safi anayetembea na chupa ya maji. Nilikuwa napalilia karibu, nikasikia kila neno.

"Mzee, hili ni shamba au njia ya mbuzi?" msimamizi akauliza.

"Ni ardhi nzuri," Kaka akasema. "Udongo mweusi kule chini."

"Tajiri wetu hanunui mkanda. Ungekuwa na upana, sawa."

Kaka aliponiona nimeinama na jembe langu nikijitia sisikii, alielewa. Uso ulimbadilika. Hakunisalimu, akapanda pikapu akafunga mlango kwa nguvu. Nami nilipalilia mstari ule mpaka mwisho nikiwa natabasamu, sitaficha.

Nikaanza kupanga. Nilikwenda kwenye kitalu nikachagua miche ya parachichi, nikamwambia mwenye kitalu anitunzie. Nikamwita mchimba visima aje aangalie, akaonyesha mahali, nikapaweka jiwe. Nilihesabu kwamba kufika mwisho wa kiangazi wote watatu watakuwa wamekubali mkataba wangu, na safari hii wa muda mrefu, wenye mihuri, wa kutosha mti kuzaa. Mara ya kwanza tangu mama afe nililala usingizi wa mtu mwenye mali yake.

Kumbe yule kijana wa shati safi hakuwa mjinga. Sindano naye alikuwa amemwendea kwa siri kuuza mkanda wake. Kitinda vilevile, siku nyingine. Kaka akamrudia. Wote watatu aliwajibu neno lilelile: njoo Jumatatu. Habari hii niliipata kwa Shangazi, ambaye Jumatatu hiyo alipelekwa kinuni na Kitinda kwa sababu alikuwa na nafaka ya kusaga. Alikuja kunisimulia mwenyewe, akakaa jikoni kwangu, akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga.

"Mwanangu, ungewaona! Benchi moja pale nje ya ofisi ya kinu. Kaka yako huku, Sindano kule, kila mmoja kageukia kwake. Kitinda niliyefika naye hana pa kukaa ila katikati. Akakaa. Kimya! Nikasema leo patachimbika."

"Halafu?"

"Halafu Sindano, bila kumtazama mtu, akasema, 'Na nyie mmeambiwa Jumatatu?' Kaka yako akasema ndiyo. Kitinda akasema ndiyo. Wakatazamana. Sindano akasema, 'Meneja katufanya mabwege.' Basi! Kitinda aliangua kicheko hicho! Kaka yako akacheka mpaka akamshika Sindano bega. Cherehani ikaombewa msamaha papo hapo. Saruji ikasahauliwa. Sindano akasema hata mumewe kweli ni mvivu." Shangazi akavuta pumzi. "Msimamizi akatoka akawakuta wanalia kwa kicheko, akawaingiza ndani wote watatu. Waliosema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, hawakuwa wapumbavu. Wewe jembe ulichukua. Kapu ukalisahau."

Nilijua hawatasemezana kwa mapenzi. Kwamba wangeweza kusemezana kwa kunichukia mimi, hilo halikunipitia kichwani. Miaka yote ile chuki yao ndiyo iliyolishikilia lile shamba likawa zima chini ya jembe langu, na mimi kwa kamba yangu mwenyewe nikawapa kitu kimoja cha kukichukia pamoja.

"Na wewe Shangazi ulikuwa upande gani?" nikamuuliza.

"Mimi nilikuwa upande wa unga wangu," akasema, na akaomba chai.

Kaka alinipigia mwishoni mwa wiki. Nyuma yake nilisikia vijiko, watoto, redio, na Kitinda anasimulia kitu huku Sindano anapiga makofi kwa kucheka. Sauti hizo tatu pamoja sikuwa nimezisikia tangu mama akiwa hai. Nilishikilia simu nikasikiliza kabla sijajibu.

"Tumemaliza," Kaka akasema. "Tumeuza mikanda mitatu kwa pamoja."

"Mmemuuzia nani shamba la baba?"

"Mwenye Kinu. Si wewe ulituhubiria kwamba shamba zima ndilo lina faida? Basi tumeliuza zima. Kasoro kale kako."

"Mngeniambia."

"Ungetuambia wewe, siku ile ukipiga vigingi?" Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. "Usikasirike, mdogo wangu. Mgawaji alichagua mwisho, ndiyo hivyo."

Nikakata simu. Mwenye kitalu nilimtumia ujumbe kwamba miche auze kwa wengine.

Trekta la Mwenye Kinu lilikuja baada ya mvua ya kwanza. Vibarua waling'oa vigingi vyangu wakavitupa kwenye lundo kama kuni. Dereva alishuka, akatembea juu ya matuta ya baba, akainama akatazama yanavyokwenda, akapanda tena, akalima kwa kuyafuata, kutoka barabarani hadi mpakani kwangu, mkanda wa Kaka, wa Kitinda na wa Sindano kwa mstari mmoja. Alilima vizuri. Udongo uligeuka mweusi, umelala upande mmoja, na mimi nikasimama nikautazama kwa uchungu wa mtu anayeona mumewe wa zamani amependeza harusini. Ndivyo lilivyotakiwa kulimwa. Ndivyo nilivyolisemea tangu mwanzo. Mpakani kwangu alinyanyua plau, akageuka kwa taabu, akarudi.

Wangu nililima kwa jembe la mkono. Na niseme ukweli wote, mkanda wangu ulizaa. Kila mche ulipita mkononi mwangu, kila gugu nililing'oa likiwa bado changa, nilipanda maharage katikati ya mahindi na maboga katikati ya maharage, na ukipima hatua kwa hatua mimi niliwashinda. Kule kwa Mwenye Kinu vibarua walipalilia kwa mwendo wa kutafuta saa ya kutoka, na pembe za shamba zikaota magugu ya kiunoni. Nilifurahi nilipoyaona. Lakini yeye na magugu yake alijaza lori, mimi na usafi wangu nilijaza baraza, na mgongo wangu haukunyooka mpaka mavuno yalipokwisha.

Jumapili wanakutana kwa Kaka sasa, wote watatu na wake na waume na watoto. Mimi sialikwi. Sindano alinipigia mara moja, sauti yake imelainika, akasema: "Uza na wewe, basi, uje. Kaka anasema ukiuza yamekwisha." Nikamuuliza kama cherehani ya mama amerudishiwa. Akasema ndiyo, iko mbele yake. Nikamwambia ashone, nikakata.

Yule msimamizi alikuja kabla ya msimu wa pili. Alivuka mpaka na viatu vyake safi, akanikuta kwenye mteremko wa kati, akanipa pole ya kazi. Alikuwa wa kwanza miaka mingi kunipa, na nilimchukia kwa hilo zaidi.

"Mama," akasema, "tajiri anataka huu mkanda. Bei nzuri kuliko aliyowapa wenzako. Na anataka msimamizi anayelijua hili eneo. Utakaa kwenye nyumba yako, utasimamia shamba lote, kama zamani."

"Lote?"

"Lote, toka barabarani mpaka korongoni. Kisima kirefu tunachimba mwaka huu. Tajiri anataka na parachichi kwenye mteremko."

Nilikaa chini kwenye tuta. Kijana alidhani nimechoka, akanipa chupa yake ya maji, nikanywa. Kisima, miti, shamba zima, na ndugu zangu Jumapili mezani. Kila kitu nilichokipigania kilikuwa kimesimama mbele yangu kwenye shati safi, kinangoja neno moja. Ila kila kitu hicho kingekuwa cha mtu mwingine, na mimi ningekitunza kwa mshahara, mpaka siku atakapoamka vibaya.

"Hapa kwako trekta linanyanyua plau na kugeuka," akaendelea, akionyesha kwa kidole kwa adabu. "Kulima, kupanda, kuvuna, kila mara. Ukingo mzima unakanyagwa, mafuta yanapotea, muda unapotea. Wewe ni mkulima, hili unalielewa. Shamba zima lina faida kuliko vipande."

"Hilo kweli kabisa," nikamwambia. "Nimelisema kabla hujazaliwa."

"Kwa hiyo unauza?"

Nikainuka, nikajikung'uta udongo. "Mkanda huu mmoja unawaharibia shamba lote?"

"Unatuharibia, Mama. Sikufichi."

"Ndiyo maana siuzi."

Alinitazama kana kwamba hakusikia vizuri. Nikalirudia kwa sauti kubwa, ili na dereva wa trekta kule mpakani alisikie.